Gia za umeme au za waya kwenye baiskeli ya mbio: tupeane uzoefu

Mkaza Spoku (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila wiki kuna mtu anauliza: nichukue gia za umeme au nibaki na waya? Uzi huu tuuweke kwa ajili hiyo. Ombi langu moja, leteni vitu vinavyoshikika: kifaa gani, kinaanza kuharibika wapi, kinatengenezwaje. "Ya umeme ni laini kama siagi" tumeshaisikia.

Nianze na msingi. Gia za umeme si kitu cha jana. Mavic walijaribu miaka ya 1990 na Zap, haikushika. Shimano wakaingiza mfumo wao wa umeme, Di2, sokoni mwaka 2009, Campagnolo wakafuata na wao, EPS, mwaka 2011, na SRAM wakatangaza eTap isiyo na waya kabisa mwaka 2015. Mwaka 2022 Di2 ikashuka hadi 105, daraja la Shimano lililo chini ya Dura-Ace na Ultegra, na hapo ndipo swali hili lilipoanza kuwahusu watu wengi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kwa sehemu kubwa mtengenezaji ameshakuchagulia. Dura-Ace na Ultegra za gia 12 nyuma ni za umeme tu. Ukitaka gia 12 za waya kwa Shimano, daraja la juu kabisa ni 105. Anayetaka waya juu ya hapo atafute vifaa vya gia 11, na ajue vipuri vyake havitakaa madukani milele.

Fundi Kaseti

Mkuu umeanza vizuri, ila mimi mteja akiniuliza, naangalia fremu kwanza kabla ya kutaja kundi lolote la gia.

Tazama waya unapita wapi. Kama unapita nje ya bomba la fremu, au unaingia kwenye tundu la bomba la chini na kutokea karibu na krenki, waya ni chaguo zuri na utautunza mwenyewe nyumbani. Lakini fremu nyingi za sasa zinapitisha kila kitu ndani ya hendeli, kisha kwenye shingo, kisha katikati ya beringi ya juu ya uma. Kwa gia za waya hiyo ni kona kali tatu au nne kabla waya haujafika hata katikati ya baiskeli. Kila kona ni msuguano. Na kuna fremu ambazo hazina kabisa sehemu ya kukalia kava, yaani ganda la nje la waya. Hizo ni za umeme tu, usibishane nazo.

Msuguano unajitambulisha hivi. Leva (mkono wa kuhamishia gia kwenye hendeli) inavuta waya kwa nguvu ya kidole chako, kwa hiyo cheni kupanda kwenye sproketi (gurudumu la meno) kubwa huwa haileti shida. Kurudi kwenye sproketi ndogo ndiko kazi ilipo, maana hapo anayevuta ni springi ya derela, kifaa kinachosogeza cheni, peke yake. Kwa hiyo:

- cheni ikisita kushuka kwenye sproketi ndogo, waya unakwama mahali fulani: kava chafu, kona kali au kutu;
- ikisita kupanda kwenye kubwa, waya umelegea. Zungusha skrubu ya kukazia kinyume cha saa, robo mzunguko kwa wakati mmoja, huku unazungusha pedali.

Watu hukaza waya kwa matatizo yote mawili. Kwa tatizo la kwanza unalizidisha tu.

Mama Cheni

Asante fundi. Niongezee upande wa waya, maana ndio unaosemwa vibaya kuliko unavyostahili.

Waya wa ndani wa gia ni mm 1.2, kava yake mm 4. Kava ya gia ina nyuzi za chuma zilizonyooka kwa urefu, ya breki ina chuma kilichozungushwa kama springi. Usibadilishane. Kava ya breki ukiiweka kwenye gia, inabonyea kila unapovuta na gia hazitulii. Kava ya gia ukiiweka kwenye breki inaweza kupasuka siku unayobana breki kwa nguvu, na hilo si la kujaribu.

Kukata kava: tumia kikatio kikali, si plaizi butu. Ukishakata, utaona bomba la plastiki la ndani limefinyika. Lifungue kwa ncha ya spoku iliyochongwa, kisha piga tupa mwisho wa kava mpaka uwe bapa. Valisha kofia. Nusu ya malalamiko ya "gia za waya hazishiki marekebisho" chanzo chake ni mwisho wa kava uliokatwa mshazari, ukakaa vibaya ndani ya kofia, kisha ukawa unazama kidogo kidogo.

Bolti ya kubana waya kwenye derela ya nyuma hukazwa kwa Nm 6 hadi 7 (kipimo cha spana ya toki). Waya mpya ukishafunga, uvute kwa mkono katikati ya fremu mara kadhaa kava zikae mahali pake, legeza bolti, vuta ulegevu, funga tena. Ukiruka hatua hii utarudi kuikaza baada ya safari ya kwanza.

Pedali Nzito

Na leva za Shimano za gia 11, kuanzia matoleo ya namba 5800 na 6800 hadi R7000 na R8000? Nasikia zinakula waya.

Mama Cheni

Ni kweli kaka. Ndani ya leva ya kulia waya unajikunja kwa nguvu sana karibu na kichwa chake. Nyuzi zinakatika moja moja kwa ndani, usipopaona. Dalili yake: gia zinapotea kidogo, unazungusha skrubu ya kukazia, zinakaa, baada ya safari mbili tatu zinapotea tena upande uleule. Ukiona hivyo usiendelee kukaza. Waya unarefuka kwa sababu unakatika.

Vua kifuniko cha mpira cha leva, hamishia cheni kwenye sproketi ndogo kabisa ya nyuma (bonyeza leva ya kuachia mpaka isitoe mlio tena), legeza bolti kule kwenye derela, sukuma waya utokeze kichwa. Ukiona hata uzi mmoja umesimama kama mwiba, badilisha.

Ukichelewa, kichwa hubaki ndani na vipande vya nyuzi hujisokota kwenye meno ya leva. Kuanzia hapo kila ukibofya unavizamisha zaidi. Acha kubofya, chukua kibanio chembamba na taa, toa uzi mmoja mmoja. Ni kazi ya uvumilivu, na mara nyingine leva haiponi. Kwa leva hizi mimi husema badilisha waya kila kilomita 3,000 hadi 5,000 hata kama unaonekana mzima. Hakuna kipuri cha bei nafuu kuliko hicho kwenye baiskeli nzima.

Kaseti11

Sasa umeme, maana wengi wanaofikiria kuhama hawajui wanahamia kwenye nini.

SRAM AXS (mfumo wao usio na waya uliofuata eTap ya mwanzo): kila derela ina betri yake ya kuchomoa, na zinafanana. Kila leva ina betri ya kifungo CR2032. Betri ya derela hudumu takriban saa 60 za kuendesha. Taa ya derela: kijani ni saa 15 na kuendelea, nyekundu ya kutulia ni kati ya 5 na 15, nyekundu ya kumetameta ni chini ya 5. Betri ya nyuma ikifa njiani, chomoa ya mbele uiweke nyuma. Lakini KABLA ya kuichomoa amua cheni ikae sproketi ipi ya mbele, kwa sababu hutaihamisha tena hadi nyumbani. Kama kuna vilima mbele yako, weka ndogo.

Shimano Di2 ya gia 12: leva zinawasiliana bila waya na zina betri za kifungo CR1632, lakini derela zote mbili zinalishwa kwa waya kutoka betri moja kubwa ndani ya bomba la siti. Chaji moja ni takriban kilomita 1,000. Tundu la kuchajia liko kwenye derela ya nyuma, na kebo yake ni maalumu. Ya simu haiingii, kwa hiyo ukisafiri usiisahau. Chaji ikikaribia kwisha derela ya mbele hugoma kwanza, ya nyuma huendelea kwa muda, kisha nayo hubaki pale ilipo. Derela ya mbele ikigoma tu, basi ujue hilo ndilo onyo la mwisho.

Kitu kinachowamaliza watu si betri kubwa bali za kwenye leva. Derela ina chaji kamili, taa ya kijani, lakini ukibonyeza kimya. Zinadumu muda mrefu mpaka unazisahau. Beba moja ya akiba, na bisibisi ndogo inayofungua kifuniko chake.

Pedali Nzito

Mvua je?

Kaseti11

Haina neno. Adui ni mashine ya kuoshea kwa presha ikielekezwa kwenye maungio. Kwa SRAM, futa sehemu za shaba za betri kwa kitambaa kikavu. Kwa Di2, maungio ya waya lazima yalie "tik" yanapoingia. Tumia kifaa chake cha plastiki: TL-EW02 kwa waya za SD50 za zamani, TL-EW300 kwa SD300 za gia 12. Hizo aina mbili haziingiliani, angalieni hilo mnaponunua vilivyotumika.

Betri ya Di2 ikiisha haraka ghafla, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi waya umebanwa na bomba la siti ukachubuka. Toa siti, tazama waya sehemu inayopita karibu na kibanio.

Fundi Kaseti

Naomba tuvunje imani moja hapa. Umeme hauponyi baiskeli iliyochoka. Hanga, kile kipande kinachobeba derela ya nyuma, kikipinda, mota itapeleka derela pale pale ilipoambiwa, na pale pale patakuwa pabaya. Nafasi kati ya sproketi za gia 11 na 12 ni ndogo sana kuvumilia hilo.

Hanga hupimwa kwa rula yake maalumu inayofungwa kwenye tundu la M10. Pima umbali hadi kwenye rimu juu, chini, mbele na nyuma. Tofauti ikizidi mm 2 au 3, nyoosha au badilisha. Kisha pima cheni: kwa gia 11 na 12, kipimo kikifika asilimia 0.5 cheni inatoka. Fanya hayo mawili kwanza, halafu uje tuzungumze habari za mota.

Jingine, baiskeli ya Di2 ikianguka upande wa derela, kuna kinga ndani inayoachia ili mota isivunjike. Mtu anainuka, anabonyeza, gia hazihami, anadhani ameua derela. Kumbe ni kuirudisha tu: bonyeza na ushikilie kitufe cha mfumo mpaka taa nyekundu iwake, kisha zungusha pedali. Lakini kagua hanga kwanza. Kama imepinda kuelekea ndani na ukahamia sproketi kubwa kabisa, derela inaingia kwenye spoku, na hapo gurudumu linakwenda nayo.

Saa Moja Kasoro

Mmesahau baiskeli za kushindana na saa. Hapo umeme unashinda bila mjadala. Kwa waya unahamisha gia kwenye ncha za mikono ya mbele tu, ukishika breki huna gia. Kwa umeme unaweka vitufe sehemu zote mbili. Hata baiskeli ya kawaida inaweza kuwekwa vitufe vya ziada juu ya hendeli kwa ajili ya kupanda mlima.

Wenye vidole dhaifu au vinavyouma wafikirie hilo pia, hasa derela ya mbele. Kuipandisha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele kwa waya ni kazi ya kiganja kizima, kwa umeme ni mguso. Na derela ya mbele ya Di2 inajisogeza yenyewe cheni isikwaruze. Kwa waya unafanya hivyo wewe kwa kubofya nusu. Ila wanaovaa glavu nene: vitufe viwili vya Di2 viko karibu sana, kidole kinakosea. SRAM ina kitufe kimoja kila upande. Kulia gia nzito, kushoto nyepesi, vyote pamoja kuhamisha mbele.

Mkaza Spoku

Na magurudumu, kabla mtu hajalipa. Kaseti (rundo la sproketi za nyuma) za Shimano za gia 12 za barabarani zinaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu) za Shimano za gia 11, kwa hiyo gurudumu la zamani linabaki. Kaseti za SRAM AXS zinazoanza na meno 10 zinataka habu yenye mwili wa XDR (umbo la SRAM la sehemu inayovalishwa kaseti), na cheni yao ni ya mgongo bapa, huwezi kuweka yoyote. Hiyo gharama mara nyingi haionekani kwenye tangazo la "seti kamili".

Mama Cheni

Kwa safari ndefu mbali na mafundi mimi ni wa waya bado. Waya wa akiba unajikunja ndani ya mfuko wa siti. Hata ukikosa, waya ukikatika springi huishusha cheni kwenye sproketi ndogo kabisa, nawe ukikaza skrubu ya H (inayoweka mpaka wa derela upande wa sproketi ndogo) unaweza kuisogeza sproketi moja au mbili juu. Au kamata mwisho wa waya uliobaki kwenye derela, uvute hadi gia ya katikati, ubane chini ya bolti ya kishikio cha chupa. Utafika.

Kaseti11

Hapo sibishi dada. Nami niwakumbushe wa umeme wanaopakia baiskeli kwenye gari au sanduku: SRAM huamshwa na mtikisiko, kwa hiyo chomoa betri za derela na uvishe vifuniko vyake. Kwa Di2, hakikisha hakuna mzigo unaobonyeza leva, au chomoa waya kwenye derela ya nyuma. Kwenye ndege betri za akiba zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo wa chini.