Kibodi imeingia chai: ninunue ya gemu yenye swichi za rangi gani?

Swali
Ndugu zangu, habari za kazi. Kibodi ya kompyuta yangu ya mezani imemwagikiwa chai, na sasa herufi A, S na D hazijibu kabisa, huku kitufe cha spesi kikinata. Nimeijaribu kwenye tundu jingine la USB, kisha kwenye kompyuta ya jirani, na tatizo ni lile lile. Kwa kuwa mchana ninachapa nyaraka na usiku ninacheza gemu, nataka kununua kibodi ya gemu, lakini dukani nimekuta za swichi (vifaa vidogo vilivyo chini ya kila kitufe) nyekundu, kahawia na bluu, na muuzaji alinisifia taa tu. Chumba ninalala na mdogo wangu. Naomba ushauri.

Jibu la 1
Pole sana, ndugu. Hapo ugonjwa uko ndani ya kibodi yenyewe. Rangi hizo zimetokana na swichi za MX za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, na watengenezaji wengi wameziiga: nyekundu hushuka moja kwa moja bila kikwazo, kahawia humfanya mtu ahisi kinundu kidogo njiani, na bluu hulia kila inapobonyezwa. Bluu iondoe kwenye hesabu, mdogo wako hatapata usingizi. Kwa mtu anayechapa kutwa, mimi ningechukua kahawia.

Jibu la 2
Nakubaliana kuhusu bluu, ingawa kwa gemu napendelea nyekundu kwa sababu ni nyepesi. Hata hivyo, kabla ya rangi, hakikisha kwamba ni kibodi ya swichi kweli, kwani nyingi zinazouzwa kwa jina la gemu zina taa za kupendeza juu na mpira ule ule wa kawaida chini. Mwombe muuzaji ang'oe kofia ya kitufe kimoja: kila kitufe cha swichi hukaa juu ya kiboksi chake kidogo cha plastiki, mara nyingi chenye alama ya msalaba. Kisha ichomeke, fungua Notepad (programu ya kuandikia ya Windows), na ubonyeze herufi tano kwa mpigo, uone kama zote zimeandikika. Zikipungua, iache, maana kwenye gemu utakuwa unakimbia na kuruka huku amri nyingine zikipotea.

Jibu la 3
Ukipata yenye swichi zinazochomoka, ongeza fedha kidogo uichukue. Swichi moja ikifa, utabadilisha hiyo hiyo tu, bila kuchomea risasi.