Mausi kwenye PS4: adapta yenye asisti, mausi ya moja kwa moja, au turudi kwenye pedi?

Mwana_Ngamiani

Wakuu kwema? Nina jambo limenikaa wiki ya tatu sasa, nalileta hapa mnisaidie kulichambua.

Kibandani kwetu Ngamiani, Tanga, tuna PS4 mbili. Mchana ni mpira tu, jero kwa mechi, madogo wanapigana vikumbo kugombea zamu. Usiku wateja wakipungua tunashusha pazia, tunaingia Warzone, ile gemu ya kupigana risasi ya Call of Duty. Mkono wangu umezoea kompyuta tangu zamani. Pedi, kile kidhibiti cha mkononi chenye vijiti, kwangu ni kama kula wali kwa mkono wa kushoto. Basi binamu yangu kaniazima adapta, ile unachomeka mausi na kibodi halafu PS4 inadhani umeshika pedi.

Nimezijaribu njia zote tatu na kila moja ina lawama yake.

Adapta kwanza, asisti ikiwa imewashwa. Kwa wageni wa mambo haya, asisti hapa si ile ya winga anayemtengea straika. Ni gemu kumsaidia mwenye pedi kulenga, maana kidole gumba hakina ufundi wa mkono mzima. Msalaba wa kulengea ukimkaribia adui, gemu inapunguza kasi yako ya kugeuka usije ukampita. Halafu adui akikatiza na wewe ukiwa unatembea, gemu inakuzungusha kidogo kumfuata.

Mwenye pedi hayasikii hayo, kwake ni raha tu. Mwenye mausi anayasikia mkononi. Ni kama unaendesha baiskeli kwenye lami kuelekea Raskazone, ghafla tairi la mbele linaingia mchangani. Miguu inakanyaga vilevile, mwendo umekufa. Sentimita mbili za mausi zinazonigeuza robo duara, nikimkaribia mtu zinanigeuza nusu ya hapo. Navuta zaidi, msalaba unatokea upande wa pili, naanza kurudi, huyo jamaa keshanimaliza.

Mausi ya moja kwa moja, bila adapta, Warzone inaikubali. Unaichomeka, unachagua kwenye mipangilio, kwisha. Laini kabisa. Ila asisti inazimwa papo hapo, na wenye pedi wote wa upande wa pili wanayo.

Pedi nimeshasema.

Swali: nani ameishi na adapta muda mrefu akaipatia mipangilio? Au mchanga huo hauna dawa?

Fundi_Chumbageni

Kaka, tatizo lako limeanza kabla hujafika kwenye asisti.

Mausi inaiambia mashine "nimesogea kiasi hiki". Kijiti cha pedi kinaiambia "nigeuze kwa kasi hii". Hayo ni mambo mawili tofauti. Adapta ni mkalimani aliyekaa katikati, na hata akiwa hodari namna gani, kuna maneno hayatafsiriki.

La kwanza ni mgeuko wa ghafla. Kila gemu ina kasi yake ya mwisho, kijiti kikishafika ukingoni basi. Tuseme gemu inageuka nyuzi 360 kwa sekunde. Umesikia hatua nyuma yako, ukafyatua mausi ugeuke nyuzi 180 ndani ya sehemu moja ya tano ya sekunde. Utapewa nyuzi 72. Zilizobaki zimemwagika chini. Kwa hiyo sensi ya ndani ya gemu, yaani wepesi wa kugeuka, pandisha mpaka mwisho kabisa, kupunguza kote kafanyie kwenye adapta. Vijana wengi niliowaona wanafanya kinyume, halafu wanasema adapta ni nzito.

La pili ni eneo mfu. Katikati ya kijiti gemu inaacha nafasi isiyosikiliza kitu, ili pedi iliyochoka isikupeleke msikitini wakati wewe unataka sokoni. Msogeo mdogo wa mausi unazama humo. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, shusha eneo mfu hadi chini kabisa, kisha adapta iongezewe msukumo kidogo wa kuruka hicho kilichobaki. Kipimo chake: sogeza mausi polepole mno. Msalaba ukikaa kimya halafu ukaruka, msukumo haujatosha. Ukiruka hata kwa mguso tu, umezidisha.

La tatu DPI, yaani hesabu ambazo mausi inatoa kwa kila inchi inayosogea, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wewe unatumia ngapi?

Mwana_Ngamiani

800, mkuu. Ndiyo niliyozoea kwenye kompyuta.

Fundi_Chumbageni

Nilijua.

Chukua kalamu. Unamfuatilia mtu wa mbali, mkono unakwenda sentimita 1 kwa sekunde. Kwa DPI 800 mausi inatoa hesabu kama 315 kwa sekunde. Adapta ikituma taarifa mara 250 kwa sekunde, kila taarifa inabeba hesabu moja na robo hivi. Robo haipo, kwa hiyo inakwenda 1, 1, 1, 2, 1, 1, 1, 2. Ile 2 ni kasi maradufu! Msalaba unatetemeka kama mtu mwenye homa, nawe unalaumu asisti.

Weka 3200. Sasa kila taarifa ina hesabu 5, mara chache 6. Mtetemo unakwisha. Sensi ya adapta unaigawa kwa nne ili mkono wako ubaki palepale ulipozoea. Usiogope namba kubwa, hapa DPI haikuongezei mwendo, inaongeza tu maneno anayoyajua mkalimani.

Kijiti cha PS4 chenyewe kina ngazi 256 kwa kila mhimili, toka upande mmoja hadi wa pili. Yaani kushoto una kama 128, kulia kama 128. Ukimlisha mkalimani punje kubwakubwa, hizo ngazi hutazitumia.

Na zima uongezaji kasi wowote ndani ya mausi, pamoja na usaidizi unaonyoosha mstari wa mkono wako. Baadhi ya mausi huja navyo vimewashwa.

BintiSahare

Samahanini kaka zangu, mnahesabu desimali lakini jambo lenyewe hamjalitaja. Adapta ni kudanganya.

Asisti imewekwa kwa ajili ya kidole gumba. Wewe una mkono mzima mezani na bado unachukua sadaka ya kidole gumba. Mimi nacheza kwa pedi, tena kwa jasho, nikikutana na mtu anayegeuka kama feni halafu msalaba unamnata mtu kifuani, najua hapo kuna mkalimani.

Na wenye gemu nao wamechoka. Gemu ya Rainbow Six Siege tangu 2023 ina mtego wao, Mousetrap. Ulipoanza, ukigundulika una adapta hawakukufukuza, walikuongezea ucheleweshaji kidogokidogo mechi hadi mechi, mpaka ukawa unalenga kama uko chini ya maji. Ukiichomoa ulirudishiwa baada ya mechi kadhaa. Mwaka huohuo Fortnite na Call of Duty nao wakaanza kuwabana wenye vifaa hivi. Sasa Mwana Ngamiani, akaunti ya kibanda ikifungiwa, utamwambia nini mwenye kibanda?

Fundi_Chumbageni

Dada, sikukatalii. Mimi nimeulizwa namna ya kutengeneza, nimejibu. Hata muuza kisu haulizwi mbuzi ni wa nani.

BintiSahare

Anaulizwa mbuzi akiwa wa jirani.

Mzee_wa_Makorora

Vijana mna mambo. Mwanangu, hiyo TV ya kibandani ina hali ya gemu? Umeiwasha?

Nauliza kwa sababu nimepita hapo kwenu nikaona ni TV kubwa inayopendezesha picha, ngozi za wachezaji zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi. TV ikipamba picha, inachelewesha. Unahangaika kutoka taarifa 125 za mausi kwa sekunde hadi 1000, yaani milisekunde 8 kuwa 1, halafu TV inakula makumi kwa makumi. Tafuta kwenye menyu ya picha, washa hali ya gemu. Bure, wala hakuna atakayekufungia.

Mwana_Ngamiani

Shikamoo mzee. Aibu kubwa, ilikuwa imezimwa. Tumeiwasha leo asubuhi, hata wanaocheza mpira wameuliza nimefanya nini.

Wakuu, majibu ya usiku wa leo. DPI 3200, sensi ya gemu juu kabisa, eneo mfu chini kabisa, msukumo nimeuongeza ngazi ngazi hadi msalaba ukatii. Mtetemo umekwisha, hapo Fundi nakupa heko. Nimemlenga mtu wa mbali kwa darubini akiwa amesimama, risasi tatu zote zimeingia.

Ila mchanga upo. Akitembea tu, tairi linazama. Nimejaribu kupandisha sensi ya wakati wa kulenga peke yake, kama sehemu moja ya kumi hivi, ili nisukume zaidi nikiwa ndani ya asisti. Ndani ikawa sawa. Nje ya asisti msalaba ukawa mkali, napita mtu kabla sijamfikia. Nikishusha, nje sawa, ndani nazama tena.

Fundi_Chumbageni

Na hutaipata kamwe sehemu ya katikati, kwa sababu adapta haijui adui yuko wapi. Gemu inajua, adapta haijui. Ingejua, ingekulipa kile gemu inachokukata. Sasa inakulipa kila mahali au hailipi popote.

Vitu viwili vya kupunguza maumivu. Kwanza, mkunjo wa mwitikio wa kijiti, yaani jinsi gemu inavyogeuza msukumo wa kijiti kuwa kasi: Warzone ina wa kawaida, ulionyooka, na ule uliopinda wa dainamiki. Chagua ulionyooka, na uiambie adapta hivyohivyo. Kama gemu iko kwenye dainamiki na adapta inadhani ni kawaida, hakuna sensi itakayokaa. Pili, jaribu aina nyingine ya asisti kwenye menyu, kila moja inashika kwa namna yake.

Au izime kabisa humo humo kwenye menyu, ubaki na adapta tupu. Lakini hapo sasa...

BintiSahare

Lakini hapo sasa adapta ya nini? Mausi ya moja kwa moja si ipo!

Fundi_Chumbageni

Ndicho nilichotaka kusema, dada umeniwahi.

Dogo_Pongwe

Wakubwa naomba kuchangia. Mbona hakuna aliyetaja kulenga kwa kuinamisha pedi? Pedi ya PS4 ina kihisi cha mzunguko ndani yake, na gemu kadhaa zinakitumia. Fortnite wameiweka tangu 2022, Call of Duty ya mwaka huo pia kwa PlayStation. Kijiti kinakugeuza pakubwa, halafu mwisho unainamisha pedi kidogo kumalizia. Wiki ya kwanza nilionekana kituko, dada yangu aliniuliza kama naendesha daladala. Sasa siwezi kuacha. Na ni pedi halali, BintiSahare hawezi kunisema.

BintiSahare

Wewe ruksa, mdogo wangu.

Mzee_wa_Makorora

Na kabla mtu hajanunua adapta kwa ajili ya PS5: gemu za PS5 zenyewe hazikubali pedi ya PS4. Adapta inayojifanya pedi ya PS4 pale inafungua gemu za PS4 tu. Mpwa wangu alinunua kwa mtu mtandaoni, akaahidiwa inafanya kazi "kote kote". Hadi leo ipo kabatini, na yule mtu hapokei simu.

Mwana_Ngamiani

Wakuu, nimerudi na hukumu, ya kwangu mimi na mkono wangu.

Jana tumekaa mpaka usiku wa manane, mimi na dogo wa kibandani. Mechi 5 kwa adapta na asisti, mechi 5 kwa mausi ya moja kwa moja. Kwa adapta, watu wa karibu nimeua wengi, hilo silifichi. Ukiwa unatembea kushoto kulia huku umebonyeza A na D za kibodi, ule mzunguko unakubeba mwenyewe, hata mkono uliolala unapata. Watu wa mbali na wa kugeukia nyuma nimekufa nao wote.

Kwa mausi tupu nimekufa mara nyingi zaidi mwanzoni. Karibu, wenye pedi wananinyoosha. Ila kila kifo nilijua kosa langu, si lile la kuvutana na kitu nisichokiona. Mechi ya nne nikageuka nyuma kwa mkupuo mmoja, yule wa mlangoni hakuamini. Dogo aliruka hadi akamwaga chai.

Nimebaki na mausi ya moja kwa moja. DPI nimerudisha 800, huku mkalimani hayupo. BintiSahare, usidhani umenitisha, ni mchanga ulionishinda.

BintiSahare

Sawa kaka. Njia yoyote iliyokufikisha.

Fundi_Chumbageni

Ukikutana na Fortnite ukumbuke, mausi ya moja kwa moja inakupeleka kwenye lobi ya watu wa kompyuta, yaani unacheza dhidi yao. Usije kulia hapa.

Mwana_Ngamiani

Hao ndio ninaowataka.

Ila limezuka jingine. PS4 yetu ina matundu mawili tu ya USB, mausi moja, kibodi moja, yamejaa. Asubuhi madogo wamekuja na mpira wao, pedi zote mbili hazina chaji, wamenisema hadi nikatoka nje. Mwenye kujua duka hapa mjini lenye kigawanyio cha USB kisichokufa baada ya wiki, anitajie na bei.

Mzee_wa_Makorora

Chaji pedi usiku kabla hujalala, mwanangu.

Mwana_Ngamiani

Usiku ndio nacheza mzee.