Mtoa hela ndiye achore na ramani?

Wakili wa Area C: Wadau, Charlie Munger alikuwa wakili kabla hajawa tajiri. Alisoma sheria Harvard bila digrii ya kwanza, mwaka 1962 akaanzisha kampuni ya uwakili Los Angeles na wenzake, kisha akawa makamu mwenyekiti wa Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya bilionea Warren Buffett, hadi alipofariki Novemba 2023, na miaka 99. Aliahidi dola milioni 200 kwa chuo kikuu cha Santa Barbara, California, lijengwe bweni la wanafunzi 4,500. Sharti: ramani yake isiguswe. Kwenye ramani hiyo karibu vyumba vyote havikuwa na dirisha. Msanifu mmoja wa kamati ya chuo akajiuzulu 2021, na 2023 chuo kikaachana na mradi. Nasema walikosea. Vijana wetu wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wanahangaika na vyumba mitaani, nani hapa angekataa vitanda vyote hivyo?

Mama Nkuhungu: Mimi. Joto la Novemba, umeme umekatika saa nane usiku, mwanangu amefungiwa kwenye boksi? Hapana.

Fundi Ihumwa: Joto gani, mama? Wagogo wa hapa Dodoma wamelala kwenye tembe, nyumba zao za asili, bila dirisha miaka yote na hakuna aliyelalamika.

Mjukuu wa Mvumi: Tembe umeliona picha tu wewe. Paa lake ni la udongo, ndani kunapoa mchana kutwa. Na watu hawakuishi ndani, waliishi uani. Ndani ni kulala na kuhifadhi chakula. Usitufanye mfano wa watu wasiojua hewa.

Fundi Ihumwa: Kaka, sijatukana mtu. Na hapo umemtetea Munger mwenyewe. Alitaka chumba kiwe kidogo ili vijana watoke wakutane sebuleni.

Mjukuu wa Mvumi: Ua una anga! Yeye alipanga kuwawekea madirisha bandia yenye taa, wazo la kwenye meli za kitalii za Disney. Halafu mjenga tembe alilala humo na wanawe. Munger angehamia bwenini?

Wakili wa Area C: Turudi kwenye mada jamani. Hela ni zake. Chuo kikuu cha Michigan walipokea dola milioni 110 zake, bweni likafunguliwa 2015, na lenyewe lina vyumba visivyo na dirisha. Watu wanasoma.

Mama Nkuhungu: Sadaka yenye masharti hayo ni biashara, wakili. Unapenda kutetea wenye hela.

Wakili wa Area C: Mama, mimi nimesoma kwa hela ya mfadhili. Usinihukumu.

Mhitimu wa Ng'ong'ona: Mnagombania California. Mimi nililipa kodi ya miezi sita kwa chumba ambacho dirisha lake limezibwa na ukuta wa jirani. Hakuna kamati iliyojiuzulu.

Fundi Ihumwa: Mjukuu, nimejenga Chamwino yote. Wazee wenyewe wa Kigogo wananiambia weka madirisha makubwa. Tembe hawalitaki.

Mjukuu wa Mvumi: Wanayataka kwa sababu umewaezekea bati! Bati bila dirisha mtu ataungua. Nijibu hili tu: umewahi kulala kwenye tembe hata usiku mmoja?