Micheweni au Tumbatu? Nisaidieni walimu wenzangu

BintiMjini: Assalaam alaykum. Nimepata ajira ya ualimu na nimeulizwa niko tayari kwenda wapi, Micheweni kule Pemba au kisiwani Tumbatu. Nimezaliwa Mjini Unguja, shamba sijalala zaidi ya siku tatu. Jibu linatakiwa Jumatatu. Wapi bora?

MtuWaWete: Waalaykum salaam. Bora kwa lipi? Hujasema unasomesha nini, msingi au sekondari, umeolewa au la, una mzee anayekutegemea au huna.

Mjongowe: Tumbatu, wala usijiulize. Mkokotoni unapanda boti, mara umefika. Ijumaa jioni uko kwenu. Pemba ukishuka Mkoani bado una kisiwa kizima cha kukata mpaka Micheweni.

MwalimuMstaafu: Mwanangu, uliza chumba kabla ya kuuliza kisiwa. Mimi nilianzia kisiwa kidogo, sikitaji. Chumba sikupata, nikawa nakwenda na kurudi kila siku. Mambo ya maji hakuna aliyenambia. Siku za bamvua, maji yakitoa mbali, boti haifiki pwani. Unashukia mbali, unapandisha nguo, unakwenda kwenye tope na mkoba kichwani. Siku moja ya kusi nilikuwa narejesha karatasi za mtihani nilizokwisha kusahihisha. Wimbi likaingia chomboni, wino wote ukatambaa. Kulikuwa na mtoto wa kike, ndiyo kwanza amefaulu hesabu, na karatasi yake ndiyo iliyoharibika kabisa. Nilimwambia amefaulu. Akanijibu, "Sasa baba n'tamuonesha nini?" Wiki ile ile nilihamia kijijini, nikalala ukumbini kwa bibi mmoja miezi minne. Hapo ndipo nilipoanza kusomesha kweli.

BintiMjini: Nisameheni, nilifupisha. Sekondari, hesabu na fizikia. Sijaolewa. Naishi na mama tu, ana presha.

MtuWaWete: Hilo ndilo ungeanza nalo! Basi Tumbatu, uwe karibu naye.

Msumbamawe: Na watoto wetu wa Micheweni hesabu awasomeshe nani? Kila mwalimu wa sayansi ana mama Mjini. Umeme tunao, waya wa baharini kutoka Tanga ulifika Pemba 2010. Mchukue mama uje naye, dada'ngu.

Kibandamaiti: Pemba msimu wa karafuu darasa linabaki nusu.

Msumbamawe: Yakhe, karafuu gani Micheweni? Huku ni maweni. Sisi ni uvuvi, mwani na kupasua mawe. Karafuu katafute Mkoani na Wete.

MtuWaWete: Kuchuma mnakuja kwetu lakini, na watoto mnakuja nao.

Msumbamawe: Wanaokuja ni wachache, tena wakati wa likizo.

Kibandamaiti: Na Tumbatu vijana wakifuata dago, kambi za uvuvi za mbali, je? Mvulana anakwenda na baba'ke, akirudi hesabu zimeshampita.

Mjongowe: Wapo, sikatai. Ndiyo maana tunataka mwalimu anayelala kijijini, awafate nyumbani wakirudi.

MwalimuMstaafu: Ijumaa jioni yuko kwao, si wewe uliyesema?

Mjongowe: Nilisema hivyo nisijue habari ya mama yake. Naye aje.

BintiMjini: Mama nimemsomea yote haya. Anauliza chumba chenye choo ndani, kwani usiku hawezi kutoka nje. Na dawa zake zinapatikana wapi karibu?

Msumbamawe: Chumba nitamuuliza shangazi leo baada ya Isha. Dawa, nitajie majina yake.

Mjongowe: Na mimi naulizia chumba huku Jongowe, Tumbatu. Usijibu barua kabla ya Jumapili.