Mpira mweupe haurudi nyuma shuti likiwa refu

Mdau_wa_Puli
Wakuu, nikicheza puli, mpira wa rangi ukiwa karibu, shibiri mbili hivi, mweupe ninaoupiga kwa fimbo unaugonga na kurudi vizuri. Ukizidi mita moja, mweupe unagonga na kusimama palepale, au unafuata mbele. Napiga chini na kwa nguvu zote. Shida ni fimbo, meza au mkono?

Ncha_Laini
Mkono, mkuu. Mweupe ukitoka kwenye ncha ya fimbo unateleza huku unazunguka kinyume, na kitambaa kinaumaliza mzunguko huo njiani. Ukiisha wakati wa kugonga, mweupe unasimama. Ukiisha mapema, mpira unaanza kubiringika, ndiyo maana unafuata mbele.

Shuti refu linataka ncha yenye kasi na mguso wa chini, vyote pamoja. Ukitumia "nguvu zote" kiwiko kinashuka kabla ya kugonga, kitako cha fimbo kinashuka nacho, na ncha inapanda hadi karibu na katikati. Unadhani umepiga chini, kumbe hapana.

Jipime hivi: tumia mpira wa mstari (wenye mkanda wa rangi katikati) badala ya mweupe, mstari ukiwa umelala. Paka chaki, piga, kisha tazama alama. Inatakiwa iwe karibu na ukingo wa chini wa mstari. Ukishuka zaidi ya hapo, ncha inateleza.

Mzee_wa_Kona
Baada ya kugonga vuta fimbo nyuma haraka, mweupe utaifuata.

Ncha_Laini
Hapana, mzee wangu. Ncha na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo ukivuta, mpira umeshaondoka. Mwenye nia ya kuvuta huanza kufunga breki kabla ya kugonga, na kasi inapotea. Acha ncha ipite mbele sentimita 10 au 15, kiganja kikiwa kimelegea.

Chaki_Bluu
Meza nayo isisahaulike. Kwenye baadhi ya meza za sarafu (unatumbukiza sarafu ndipo ucheze) mweupe ni mkubwa au mzito kuliko mingine, ili mashine iutambue na kuurudisha. Mzito hauachi mwendo wake wote kwenye mpira wa rangi, unabaki unasukuma mbele, hivyo kuurudisha ni kazi. Mweupe mdogo hurudi kirahisi.

Mdau_wa_Puli
Na nikiinua kitako ili nifike chini zaidi?

Ncha_Laini
Usiinue. Shusha vidole vya mkono wa mbele, fimbo ilale. Kitako kikiwa juu mweupe unarukaruka, na ukigusa pembeni kidogo tu, unapinda njiani.