Gari gani ya spoti itanitoa Mtwara hadi Dar kwa tenki moja? Altezza, RX-8, 350Z, STI au Toyota 86

Kijana wa Shangani
Wakuu habari za Jumapili. Niende kwenye mada. IST imenichosha, nataka kuvuta gari ya spoti kabla mwaka haujaisha, na nimebakiza tano: Altezza, RX-8, Fairlady 350Z, Impreza STI na Toyota 86. Swali langu ni moja tu, ipi nikijaza ful tenki hapa Mtwara inanifikisha Dar bila kugusa sheli? Ni kama kilomita 560. RX-8 nimeona ina cc 1300 kwaiyo kwenye mafuta haina shida, itakuwa kama Vitz tu. Nipeni uzoefu, na tafadhali asije mtu hapa akaniambia ninunue Noah.

Bahasha ya Korosho
Nunua Noah.

Mtu wa Mingoyo
Mkuu umeuliza kama unaagiza chipsi. Bajeti shilingi ngapi? Gia za mkono au oto? Unaagiza Japan au unachukua mkononi mwa mtu? Unasafiri peke yako au na familia? Na hiyo Dar unaenda mara ngapi, kila wiki au Krismasi tu? Bila hayo kila mtu atakutajia gari anayoipenda yeye basi.

Fundi Mkanaledi
Hapo kwenye RX-8 ndo nimeshtuka, nikaacha hata chai. Mdogo wangu, cc 1300 za RX-8 sio cc 1300 za Vitz!! Ile injini ni rotari, haina pistoni, ina rota mbili zinazunguka ndani ya chumba, na kwenye mzunguko mmoja wa shafti inachoma mara nyingi kuliko injini ya kawaida ya cc hizo, ndo maana ukitaka kuilinganisha kwa haki izidishe mara mbili, iweke kwenye 2600. Tenki yake ni kama lita 60. Nilizozipokea mimi gereji wenyewe wanasema kilomita 6 au 7 kwa lita, sasa piga hesabu, 7 mara 60 ni 420. Unaishia Mkapa pale daraja la Rufiji hujafika hata Kibiti, unamwangalia kiboko anakuangalia.

Alafu inakula na oili, na sio ugonjwa, imeundwa hivo, inarushia oili kidogo kidogo ndani ya chumba ili ile mikanda ya pembeni ya rota isikauke. Ukijaza mafuta unafungua boneti unaangalia oili, kila safari. Nimeshapokea moja hapa jamaa alikuwa anaangalia oili kama anavyoangalia ya Corolla, yaani haangalii. Ilikuja imebebwa.

Kijana wa Shangani
Duh. RX-8 nimeifuta. Zimebaki nne.

Sti Nyeusi Lindi
Futa na STI na mimi ndo ninayo. Ngoja niwape yangu ila mvumilie ni ndefu.

Tenki ya STI ni lita 60. Kwenye makaratasi ya Japan utaona tarakimu tamu, barabarani ukiendesha kistaarabu unapata 8, ukianza kusikiliza turbo unapata 6 na kushuka. Sasa mimi mwaka juzi natoka Dar, nimejaza Mbagala hadi bomba likakata, foleni ya Kongowe ikanila kama saa nzima nasogea hatua moja nasimama, nilipotoka Mkuranga nikasema nafidia muda. Nikawa natembea 140, 150 pale panaponyooka, matuta nafunga breki napiga tena, matuta napiga tena, na kila ukipiga hivo mafuta yanamwagika tu. Nafika Nangurukuru kilomita 300 hata hazijafika vizuri taa ya mafuta inawaka. Sheli ya kwanza niliyoingia wananiambia petroli imeisha tangu asubuhi gari la kushusha lipo njiani. Mi na kiburi changu nikajiambia taa ikiwaka bado kuna lita kama kumi, Lindi ni kilomita 150, nikienda mdogo mdogo natoboa. Hesabu gani hiyo hata mtoto wa darasa la tatu angenikatalia, lakini usiku barabara nyeupe na muziki unalia nani anapiga hesabu.

Ikazimika nimeshapita Kiranjeranje. Giza totoro. Nikakaa kama dakika arobaini ndo akapita bodaboda, akanipeleka kwa jamaa mmoja kijijini anauza mafuta nyumbani, kanitolea dumu la lita tano lile la mafuta ya kula, bado lina karatasi ya alizeti, elfu thelathini. Tukakata chupa ya maji tukafanya faneli. Ile kumimina tu nikasikia harufu ya mafuta ya taa, na yule bodaboda akaniangalia, na mimi nikamwangalia, hakuna aliyesema kitu. Nikawasha. Ikawaka. Nikaenda kama kilomita ishirini injini inagonga tik tik tik kama mtu anapiga kijiko kwenye bati, nikasema ni baridi. Kabla ya Mchinga moshi mweupe nyuma, nguvu hakuna.

Fundi alipofungua, pistoni moja imevunjika pale ringi zinapokaa. Injini yenyewe ya Subaru imelala, kuishusha peke yake ni kazi ya siku, na vifaa vikatoka Dar. Gari ilikaa juu ya mawe miezi minne, mke wangu alianikia nguo kwenye spoila. Kwaiyo mtu akiniuliza tenki moja inaenda wapi mi namwambia inaenda Kiranjeranje.

Bahasha ya Korosho
Kuanikia nguo kwenye spoila 😂😂😂 Noah isingekufanyia hivo.

Fundi Mkanaledi
Pole sana mkuu. Turbo na petroli iliyochakachuliwa ni adui, mafuta ya taa yanalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda ndo ile tik tik tik uliyosikia. Ungesimama pale pale ungeokoa injini. Na kitu kingine watu hawajui, pampu ya mafuta inakaa ndani ya tenki na inapozwa na petroli yenyewe, ukizoea kutembelea taa unaiunguza pampu taratibu. Ukiona robo, jaza.

Mtu wa Mingoyo
Ila spoti sio turbo tu. Chukua 350Z, tenki ni lita 80, hata ikila 8 kwa lita ni 640. Unafika Dar na unazunguka Kariakoo.

Pweza Mkavu
350Z cc 3500, ushuru wake umeuangalia? Zaidi ya cc 2000 unalipa ushuru wa bidhaa asilimia 10, kati ya 1000 na 2000 ni 5. Na milango miwili viti viwili, mzigo unaweka mapajani. Toyota 86 ndo jibu, tenki ni lita 50 tu lakini haina turbo, ni nyepesi, ikitembea 90 hadi 100 inatoa 12 kwa lita, ni 600 hiyo. Tenki ndogo inaishinda ya STI yenye 60. Watu wanaangalia ukubwa wa tenki hawaangalii mdomo.

Kijana wa Shangani
Hapo umenigusa mkuu. Kwaiyo 86?

Mwenye Daftari
Kabla hujatoa hela nisikilize, mi nina Altezza RS200 ya gia sita mwaka wa nne huu na naandika kila lita. Tenki lita 70. Usisome mshale wa mafuta, mshale ni muongo, nusu ya kwanza unashuka polepole nusu ya pili unadondoka. Unajaza mpaka bomba likate, unarudisha tripu, kile kihesabu cha kilomita za safari, sifuri, unatembea, unajaza tena mpaka likate, unagawa kilomita kwa lita zilizoingia. Basi.

Safari niliyofika Dar kwa tenki moja ni ya mwezi wa sita, peke yangu, 90 hadi 100, AC nimezima nusu ya njia. Taa iliwaka Vikindu. Mbagala tripu ilisoma 545, zikaingia lita 58. Ni 9.4. Kurudi Desemba tuko wanne, mabegi, AC muda wote na mdogo wangu ndo anaendesha, taa ikawaka kabla ya Lindi mjini, kilomita 450, lita 56 zikaingia. Ni 8 kamili. Gari ile ile barabara ile ile. Sikubahatisha, nikajaza Lindi.

Sti Nyeusi Lindi
Huyu kaka anajielewa.

Mwenye Daftari
Dada.

Sti Nyeusi Lindi
Samahani dada yangu. Daftari lingekuwa langu nisingelala Kiranjeranje.

Dereva Mstaafu
Vijana hamjambo. Mimi nimeendesha njia hiyo tangu kipande cha Ndundu mpaka Somanga hakijaona lami, masika mnalala njiani siku tatu mnapika ugali chini ya lori. Siri ya mafuta ni mteremko. Ukifika mteremko weka frii, yaani toa gia, acha gari itembee yenyewe. Nilikuwa nabakiza lita nyingi sana.

Fundi Mkanaledi
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hiyo ilikuwa ya magari ya kabureta. Hizi za sasa ukiachia mguu wa mafuta gari ikiwa ndani ya gia, kompyuta inazifunga nozeli kabisa, injini inazungushwa na matairi bila tone la petroli. Ukiweka frii ndo inalazimika kuchoma ili isizime. Kwaiyo frii inakula zaidi, na breki zinabeba gari peke yake.

Dereva Mstaafu
Marahaba. Nimeendesha miaka thelathini na moja sijawahi kuanguka.

Fundi Mkanaledi
Sijasema umeanguka mzee.

Dereva Mstaafu
Kompyuta haijui mteremko wa Mbemkuru.

Pweza Mkavu
😂 Mwacheni mzee. Mi naongeza moja, kinachomaliza mafuta kwenye lami nzuri ni upepo. Spidi ikiongezeka mara mbili upepo unakusukuma nyuma mara nne. Bugatti Veyron tenki yake ni lita 100, ukiikanyaga mpaka mwisho ile 400 na ushee kwa saa inaikausha kwa dakika kama 12. Nimepiga hesabu ni kama kilomita 80. Yaani gari ya mabilioni, ukitoka nayo Mtwara kwa spidi yake Lindi hufiki.

Bahasha ya Korosho
Inaishia Mingoyo, inasukumwa na wauza mihogo.

Mtu wa Mingoyo
Mingoyo tutaisukuma kwa bei nzuri karibuni.

Sti Nyeusi Lindi
Na msisahau tochi za kupima spidi. Trafiki wakikusimamisha na gari ya spoti hata kama ulikuwa 48 kwenye 50 lazima ushuke uzungumze. Hata wasiponiandikia, muda umeenda.

Pweza Mkavu
Kwani tenki moja ya nini hasa? Njia nzima kuna sheli, Lindi, Nangurukuru, Ikwiriri, Kibiti. Simama Nangurukuru, jaza, kula samaki, ondoka. Na siku barabara ikikatika kama Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya pale Somanga, hata uwe na tenki ya meli unakaa. Kuna waliozungukia Songea, zaidi ya kilomita 1,500.

Kijana wa Shangani
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Najibu maswali. Bajeti ni milioni 18, nikisukuma sana 20 baada ya mnada wa korosho. Gia yoyote. Tenki moja nataka kwa sababu naondoka saa tisa usiku na sipendi kusimama simama usiku. Dar naenda mara mbili kwa mwezi, mke na watoto wako huko, wawili, likizo narudi nao. Na kuanzia mwezi wa kumi nakuwa Newala kila wiki kufatilia korosho za baba.

Mtu wa Mingoyo
Si unaona sasa!! Nilikuuliza tangu juu. 350Z nimeitoa mimi mwenyewe, watoto utawafunga kwenye boneti?

Pweza Mkavu
86 kwa milioni 18, labda milango yake miwili bila injini. Na siti za nyuma za 86 ni za kuweka mkoba. Nimeghairi.

Fundi Mkanaledi
Newala kila wiki na gari ya spoti? Lami imeenda lakini sehemu za ujenzi bado unapita diversheni, vumbi na mawe. Bampa ya mbele utaiacha Mnivata. Ukiishusha zaidi kwa springi fupi usiniletee.

Bahasha ya Korosho
Sitaki kusema neno. Siti nane. Inapita popote. Gunia sita nyuma.

Mwenye Daftari
Altezza ina milango minne na watoto wanakaa vizuri, inabaki peke yake kwenye orodha yako. Ila ukiagiza jua kwamba mwisho kutengenezwa ni 2005, ushuru wa uchakavu lazima uulipe, bora utafute ya hapa hapa. Usichukue Altezza ya AS200 ukiambiwa ni sawa na RS200, injini ni tofauti. Na jaribu kuiwasha asubuhi ikiwa baridi, usikubali uikute imeshapashwa.

Dereva Mstaafu
Mark X je? Nayo inakimbia. Tenki lita sabini na kidogo.

Fundi Mkanaledi
Mzee tusianze Mark X hapa, thread itafika Pasaka.

Kijana wa Shangani
Asanteni sana. Kwa kweli kuna Altezza moja Masasi nimeoneshwa picha jana, jamaa anataka milioni 14, anasema ful tenki anafika nayo Dar na kurudi hadi Kilwa 😂 hiyo sijaiamini. Ya bluu, rimu nyeusi. Naenda kuiangalia Jumamosi.

Mwenye Daftari
Ya bluu Masasi, mlango wa nyuma kushoto una mkwaruzo mrefu mpaka kwenye kitasa?

Kijana wa Shangani
Ndio. Umeijuaje dada?

Mwenye Daftari
Usitoe hata mia. Nakuja inbox.

Sti Nyeusi Lindi
Aaah dada semea hapa hapa na sisi tusikie.