Mwale wa leza kwenye hewa yenye msukosuko: sampuli ngapi kwa sekunde?

mwale_mnyoofu
Wadau, nina leza ya nanomita 850, njia ya kilomita 1, na fotodiodi (kipokezi cha mwanga) nyuma ya tundu la milimita 5. Natafuta fahirisi ya kumetameta (varianzi, yaani kipimo cha kuyumba, ya nguvu ya mwanga ikigawanywa kwa mraba wa wastani wake), spektra (mgawanyo wa nguvu ya mmeto kwa masafa), na muda ambao mwanga unazama chini ya kizingiti. Nikichukua sampuli 100 kwa sekunde, fahirisi inalingana na ile ya sampuli 2,000. Spektra ndiyo inayokataa: haishuki, imelala tambarare. Kadi ya kunasa data inafika 50,000. Niweke ngapi, na mbona fahirisi haikuyumba?

kipeuo_cha_pili
Anza na ukubwa wa mabonge ya hewa yanayometesha mwanga. Msukosuko ukiwa hafifu, zidisha urefu wa wimbi kwa urefu wa njia, kisha tafuta kipeuo cha pili: kwako ni sentimita 2.9. Upepo unaokatiza mwale huyapitisha mabonge hayo kabla hayajabadilika sana, kwa hiyo gawanya kasi yake kwa ukubwa huo. Mita 5 kwa sekunde inatoa hezi 170 hivi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanazidisha kwa 2, kwa kuwa sampuli huonyesha masafa hadi nusu ya kasi yake tu, na kuweka 340. Hezi 170 ni kona tu ya spektra. Juu yake nguvu hushuka kwa kipeo cha −8/3, yaani masafa yakiongezeka mara 10, nguvu hupungua takriban mara 460. Ukitaka kuuona mteremko huo, weka mara 10 hadi 20 ya kona: 1,700 hadi 3,400.

Fahirisi haikuyumba kwa sababu varianzi haijali mpangilio wa sampuli. Hata ukizichanganya kama karata, jibu ni lile lile. Nguvu ya masafa ya juu haikupotea, imejikunja (imejitokeza kama masafa ya chini ya uongo) chini ya hezi 50, nusu ya sampuli zako 100, ndiyo maana spektra imelala. Ila hilo ni kweli pale tu kila sampuli inapochukuliwa kufumba na kufumbua. Kamera inayofungua milisekunde 10, au kichujio cha hezi 50, kitakula sehemu ya varianzi. Fahirisi itatoka ndogo, na hakuna kitu kwenye skrini kitakachokuonya.

jua_la_mchana
Naongezea: hesabu hiyo inavunjika mchana wa jua kali. Kwa njia yako, Cn² (kipimo cha ukali wa msukosuko) ya 10⁻¹⁴ inatoa varianzi ya Rytov (makadirio ya fahirisi kwa msukosuko hafifu) ya 0.4, bado hafifu. Ikipanda hadi 10⁻¹³ inakuwa 4, na kinachotawala masafa ya juu ni upana wa ushikamani wa wimbi (umbali ambao wimbi bado linaenda pamoja), takriban milimita 4.6. Upepo ule ule sasa unakupa hezi 1,100. Hapo weka angalau sampuli 10,000, na upunguze tundu liwe milimita 2, maana la milimita 5 linaanza kusawazisha mmeto wenyewe.

Kagua pia kikuzaji cha fotodiodi. Rezista ya megaomu 1 na kapasita ya pikofaradi 100 kwenye mrejesho hukata masafa ya juu ya kilohezi 1.6, hata kadi iwe na kasi gani. Pikofaradi 10 inakupeleka kilohezi 16, lakini kelele itaongezeka.

Na zile sampuli 100 zina mtego mwingine. Taa za umeme wa hezi 50 humeta mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo mmeto wake unajikunja hadi karibu na sifuri na kuonekana kama wastani unaohama polepole. Weka kichujio cha mwanga cha nanomita 850, ziba leza, rekodi sekunde 60, kisha toa wastani na varianzi ya rekodi hiyo.

mwale_mnyoofu
Basi sampuli 10,000, kichujio cha kielektroniki cha hezi 4,000 kabla ya kadi, vipande vya dakika 2?

kipeuo_cha_pili
Sawa kabisa mkuu, ila kichujio kiwe cha daraja la 4 au zaidi, yaani kinachokata kwa ukali. Kumbuka mmeto hubadilika kila baada ya takriban milisekunde 6, hivyo dakika 1 ina vipimo huru kama 10,000 tu; kuongeza kasi ya kadi hakuviongezi. Upepo ukishuka hadi mita 0.5 vinabaki 1,000, na kosa la varianzi linapanda kutoka asilimia 1.4 hadi 4.5 au zaidi. Kwa muda wa kuzama, tumia vizingiti viwili vilivyoachana kidogo, cha kuingilia na cha kutokea. Ukitumia kimoja, kelele itakata mzamo mmoja mrefu kuwa vipande kadhaa vifupi.